Mashapo ya Chupa ya Lenz

Mtambo ulilia pii-pii-pii, na Burgl akashtuka hadi mwiko ukamponyoka. Hakukuwa na baya lolote. Ulikuwa unamwambia tu kwamba maji yamefika joto la kwanza na sasa anaweza kumimina kimea. Lakini tangu alfajiri mama huyu alikuwa akishtuka kwa kila kitu: simu, paka, mlango. Mtu akifanya jambo asilolijua, tena akalifanya kwa siri, anakosa raha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jina lake kamili ni Notburga, ila katika kijiji kizima cha Eglsbrunn hakuna amwitaye hivyo isipokuwa padri. Ni Burgl tu, mpishi wa shule, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua breki. Mumewe Lorenz, yaani Lenz, alianguka mbele ya gereji yake mwezi wa pili wa mwaka uliopita, koleo la theluji mkononi, na hakuinuka tena. Aliacha mjane, binti mmoja aitwaye Afra, na huo mtambo wa umeme wa kupikia bia uliosimama katika chumba cha kufulia, chini ya nyumba.

Ungeuona mtambo wenyewe usingeshangaa sana. Ni sufuria refu la chuma kisichoshika kutu, la lita hamsini. Ndani yake kuna pipa jembamba lenye matundu la kutilia kimea, chini kuna pampu, na ubavuni kuna kisanduku chenye kioo kinachoonyesha joto na dakika. Lenz aliupenda mtambo huo hadi Burgl akauonea wivu. Tangu azikwe, hakuna aliyeugusa.

Na leo Burgl ameugusa kwa sababu ya harusi. Afra anaolewa katikati ya mwezi wa sita, wiki saba zijazo. Tangu binti huyo akiwa na meno ya utotoni, baba yake alimwahidi kwamba siku ya harusi yake hapanywewi bia nyingine ila bia ya ngano ya baba. Wiki iliyopita Afra alipiga simu akasema, "Mama, ile bia tutanunua tu dukani, wala usihangaike." Alisema kwa sauti nyepesi kabisa. Halafu akasahau kukata simu, na mama mtu akamsikia akilia upande wa pili. Burgl alikaa na simu sikioni mpaka kilio kikaisha, ndipo akashuka chini na kufuta vumbi kwenye mtambo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye roho ya jambo. Kimea kinanunuliwa. Maua ya hopsi yanayotia uchungu yananunuliwa. Maji ni ya bomba. Kisichonunuliwa ni hamira ya nyumba hii. Hamira ya Lenz ilitoka katika kiwanda cha bia ambako baba yake, mzee Ignaz, alifanya kazi miaka thelathini na minane. Siku kiwanda kilipofungwa milango, mzee alitoka na kopo moja la hamira ndani ya koti akampa mwanawe. Kwa miaka ishirini na miwili Lenz aliitunza, chupa hadi chupa. Bia hii huchachia ndani ya chupa, na hamira hulala chini, mashapo meupe ya unene wa kidole. Ukiipa togwa mpya, yaani maji matamu ya kimea, inaamka na kuzaana. Ni hiyo iliyokuwa ikiipa bia yake harufu ya ndizi mbivu na karafuu, mpaka jirani wakawa wanapita kwenye uzio "kuulizia habari".

Na ilikuwa imebaki chupa moja. Moja tu! Siku ya mazishi, wazimamoto wa kujitolea wa Eglsbrunn, waliomzika mwenzao kwa heshima zote, walimnywea kreti kumi na moja bila kubakiza. Kijiji kizima kiliamini chini kwa Burgl bado kuna shehena, naye aliwaacha waamini hivyo, kwa sababu aliona aibu kusema kwamba bia ya mumewe imekwisha kama mume mwenyewe. Kisha mwezi uliopita, nyuma ya gunia la viazi, aliikuta ile moja. Hakumwambia mtu. Hata baba mkwe hakumwambia. Alitaka amshangaze.

Alimimina kimea taratibu, ngano nyingi na shayiri kidogo, akikoroga yasifanyike mabonge. Daftari la Lenz lilikuwa wazi juu ya mashine ya kufulia, na mwandiko wake mbaya ukimwelekeza kituo kwa kituo. Nyuzi arobaini na tano, robo saa: "hapa ndipo karafuu inapotengenezwa, wavivu huiruka hatua hii." Hamsini na mbili, dakika kumi: "kulegeza utomvu." Sitini na tatu, dakika arobaini: "sukari." Sabini na mbili: "sukari iliyobaki." Sabini na nane: "basi, inatosha." Mtambo ulipanda wenyewe, ukasimama wenyewe, ukalia wenyewe. Burgl alijiona kama msimamizi wa mtu anayejua kazi kuliko yeye.

Chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, Lenz alikuwa ameandika: "Hamira isikanyage chumba hiki kabla ya togwa kuchemka! Vumbi la kimea lina vijidudu vya kuchachusha." Kwa hiyo Burgl aliiacha chupa juu jikoni, wima, mezani, ipate joto na mashapo yatulie. Pembeni yake aliweka bilauri ndefu aliyoisuuza kwa maji baridi, ya kumiminia ile bia safi ya juu. Mashapo yangebaki chupani, kisha yaingie katika chupa kubwa ya kioo aliyokwisha kuichemsha. Jikoni pia palikuwa na sufuria la maji ya moto lenye soseji nyeupe, haradali tamu, na mikate ya fundo yenye chumvi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi saa tano mzee Ignaz huja kula. Burgl alipiga hesabu kwamba kufikia saa tano atakuwa ameshamaliza shughuli ya chupa.

Haya, mwenye hesabu zake na apige. Saa nne na nusu, mtambo ukiwa unapanda kwenda sitini na tatu, alisikia mchuruziko. Aligeuka, akaona uji wa kimea unafurika juu ya pipa kama maziwa yaliyoachwa jikoni.

"Yesu na Maria!"

Ngano haina maganda, na bila maganda uji unaganda na kuziba matundu. Pampu ilikuwa inavuta kwa nguvu zote, togwa inapanda na kukosa pa kushukia. Burgl aliizima kwa kiganja, akachukua mwiko mrefu, akakoroga kutoka chini huku togwa ya moto ikimwingia kwenye viatu. Alikoroga, akatukana, akakoroga. Akaufungulia tena mtambo polepole, ukaziba tena, akaanza upya. Dakika ishirini na tano zilikwenda hivyo. Mwishowe togwa ikaanza kushuka kwa utaratibu, naye akachukua tambara apige deki.

Hapo ndipo kimya kilipoingia, akasikia maji ya bomba jikoni, juu ya kichwa chake. Na mtu anapiga mluzi.

Hakuogopa, nasema ukweli. Alifikiri tu: mzee amewahi. Akajifuta mikono, akapanda ngazi akipanga maneno ya kumwambia kuhusu mtambo, kwa maana mzee Ignaz aliuita mtambo huo "birika" na hajapata kuusamehe. Aliusukuma mlango wa jikoni.

Baba mkwe wake, mzee wa miaka themanini na minne, alikuwa amesimama kwenye beseni, mikono ya shati imekunjwa, kofia juu ya meza. Mkononi alikuwa na chupa ya kahawia. Alitia maji ya moto, akaziba kwa dole gumba, akaitikisa kwa nguvu, akamwaga. Akatia tena, akatikisa, akamwaga. Bilauri ndefu ilikuwa imekwisha kufunikwa juu ya kitambaa, imeng'aa, inadondosha tone moja moja.

Burgl alisimama mlangoni.

"Aa, Burgl mwanangu!" Mzee aligeuka, masharubu yake meupe bado yana povu. "Nimeingia mwenyewe. Nimekuita, lakini huko chini birika lako lilikuwa linanguruma kama trekta. Na soseji zako zilikuwa zinachemka! Soseji nyeupe hazichemshwi, mke wa mwanangu, mara ngapi nikwambie? Mbili zimepasuka."

"Baba..."

"Ila kwa hii nakushukuru." Aliinyanyua chupa. "Nimeingia nimekuta umeniwekea. Bilauri imeshasuuzwa, kila kitu tayari. Nikasema, huyu mtoto ana adabu. Nimeimimina vizuri, usiogope, taratibu ubavuni. Na mwisho nimeizungusha, nikaivingirisha mezani, hamira yote ikatoka. Sijaacha hata tone!" Hapo akapangusa jicho kwa kiwiko. "Loo, Burgl. Ni yenyewe. Nimekunywa nikamwona amekaa pale kwenye kiti chake."

"Yote?"

"Yote nini?"

"Umekunywa yote? Na mashapo?"

"Sasa bia ya ngano utainywaje bila mashapo? Mimi ni mtu wa mjini?"

Burgl alimnyang'anya chupa. Akaielekeza dirishani, akachungulia ndani kwa jicho moja. Ilikuwa safi, safi kabisa. Katika nyumba hii Lenz alimfundisha kila mtu, hata wageni, kwamba chupa ikishamiminwa inasuuzwa hapo hapo kwa maji ya moto mara tatu, hamira isikauke. Na huyo Lenz alifundishwa na nani? Na huyu huyu.

Akashika ukingo wa meza.

"Ilikuwa ya mwisho," akasema.

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya mwisho! Ya mwisho duniani! Hakuna kreti chini, Baba, hakuna kitu, mlimaliza siku ya mazishi! Hamira ilikuwa humo! Ya kiwanda chako, ya Lenz, ilikuwa humo humo, napika bia ya Afra, wewe unaingia unainywa! Unaisuuza!"

Mzee alitazama beseni, lile tundu la kupitishia maji, kana kwamba ingewezekana kuingiza mkono humo na kuitoa. Rangi ilimtoka usoni. Kama Burgl angeishia hapo, pangekuwa na huzuni tu. Lakini nimekwambia mdomo wake haujui breki.

"Mungu alikosea nyumba," akasema, na akajisikia akisema, na hakunyamaza. "Angekuchukua wewe, akaniachia yule."

Mzee Ignaz alishusha mikono ya shati, moja, kisha nyingine, akafunga vifungo. Kifungo cha pili kilimsumbua.

"Hata mimi nilimwomba hivyo," akasema. "Siku ile ile. Nilimwomba kwa magoti."

Akachukua kofia yake na fimbo, akatoka. Burgl alimsikia akishuka ngazi za nje, hatua, fimbo, hatua, fimbo. Hakumfuata. Alikuwa ameganda, chupa tupu mkononi, na hakujua kipi kimemshtua zaidi, alichotendewa au alichokisema.

Chini, mtambo ulilia pii-pii-pii.

Ndiyo ubaya wa kazi hii. Haikusubiri ulie. Alishuka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Nyuzi sabini na mbili. Alikaa juu ya kreti tupu, akatazama tarakimu zikisimama. Muda ulipotimia alichota kijiko cha togwa akakimwaga kwenye kisahani cheupe, akadondoshea tone la ayodini, kama daftari lilivyosema. Ikigeuka buluu, bado kuna wanga. Haikubadilika, ilibaki na rangi yake ya kahawia. Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawasawa, karafuu yake ipo, sukari yake ipo. Togwa ilikuwa nzuri mno, tamu, ya kumpa mtu asiyekuwapo. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akijifuta na tambara la deki.

Kengele ya kanisa ilipopiga adhuhuri alikuwa ameshainua pipa la kimea, machicha yanachuruzika, na togwa imeanza kuchemka na hopsi. Alifikiria kwenda mjini kununua pakiti ya hamira ya dukani. Bia ingekuwa bia. Wageni wangekunywa, wangesema "ahsante Mama Afra, tamu kweli". Afra angenusa bilauri, angetabasamu kwa adabu, basi, na baba yake angekuwa amekufa kwa mara ya pili. Alipanda kuchukua funguo za gari.

Alipofungua mlango wa nje, mzee Ignaz alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa amekwenda kwake na kurudi, kilomita nzima na zaidi, kwa miguu, kwa umri ule. Anahema, shati limelowa mgongoni. Kwapani alikuwa amebana soksi ndefu ya sufu, ya kijivu, yenye kitu kizito ndani.

Burgl alitaka kusema samahani. Mzee alimnyamazisha kwa mkono.

"Usiniombe kitu. Shika kwanza, mimi nikae."

Ndani ya soksi mlikuwa na chupa. Ya kahawia, kifuniko cha waya, haina karatasi. Burgl aliigeuza kwenye mwanga na kuona kwa ndani, chini, weupe umetanda.

"Umeipata wapi?" "Baba! Umeipata wapi hii?"

"Krismasi ile ya mwisho. Alinipa mwenyewe. Tulikuwa tunataniana nani ataanza kuondoka. Akasema, 'Mzee, chukua hii iwe ya safari yako, huko mbinguni wanakunywa divai tu, utateseka.'" Ignaz alikuwa akiongea huku akitazama mikono yake. "Nimeiweka chini ya kitanda, penye baridi. Fundi majeneza nimeshamwambia. Hata padri anajua, alicheka lakini alikubali. Inalazwa hapa, upande wa kushoto."

"Siwezi kuchukua kitu chako cha kaburini!"

"Unaweza."

"Baba, nimekutukana leo. Nimekwambia maneno..."

"Umesema kweli ambayo sote wawili tunaijua. Sasa acha kelele, niambie, nimeitikisa sana? Nimeishika wima njia nzima, lakini miguu yangu siyo ya kijana."

Ilikuwa imetikisika. Mashapo yalikuwa yameamka, wingu zima ndani ya chupa. Kwa mara ya kwanza siku ile, wale wawili walikubaliana jambo bila kubishana: isubiri. Burgl aliiweka kwenye friji, wima, katikati ya siagi na mayai, akabandika karatasi mlangoni yenye neno moja, USIGUSE. Togwa ilipomaliza kuchemka waliimimina ikiwa moto katika madumu safi wakayafunga hewa isiingie. Lita moja Burgl aliitenga katika ile chupa kubwa ya kioo aliyoichemsha, ipoe peke yake, ya kuamshia hamira. Mzee alishuka naye chini kusaidia. Alizunguka mtambo mara mbili, akanusa machicha, akachovya kidole kwenye togwa.

"Birika limejitahidi," akasema, na hakuongeza neno.

Kesho yake, baada ya misa, walikaa mezani bado wamevaa nguo za kanisani. Burgl alikuwa ameosha mikono mpaka ikawa myekundu. Chupa ilikuwa imetulia, bia ya juu angavu, mashapo yamelala chini.

"Mimina wewe, Baba. Ni yako."

Mzee aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Mimi? Baada ya jana? Mikono hii naiogopa. Mimina mwenyewe, mimi nitasimamia."

Waya ulifunguka, chupa ikatoa mlio, pap, wenye afya. Wote wawili walipumua. Burgl aliupitisha mdomo wa chupa kwenye moto wa kiberiti, akainamisha bilauri, akaanza. Bia ilishuka ubavuni polepole, ya dhahabu, povu likapanda nyuma yake. Jikoni nzima ilijaa ndizi na karafuu. Harufu ile ilikuwa ya Jumamosi zote za miaka ishirini na miwili, za kumiminia mtu mmoja aliyekuwa akiingia kwa mlango ule na kutupa glovu juu ya kabati. Alimwona. Wallahi alimwona. Bia ilifika robo ya mwisho, na Burgl akainua chupa kidogo, akaisimamisha, na kiganja chake kikaanza kuizungusha, mara moja, mara mbili, ili kuamsha kilicholala chini.

"BURGL!"

Mzee alimdaka mkono kwa nguvu ambayo mtu wa umri wake hatakiwi kuwa nayo. Fimbo ilianguka sakafuni. Walibaki hivyo, mikono minne kwenye chupa moja, mdomo wake umesimama nusu kidole juu ya bilauri. Wingu jeupe lilikuwa limepanda mpaka shingoni mwa chupa. Tone moja lilikuwa limening'inia.

Tone lilirudi ndani.

Burgl aliiweka chupa mezani kwa mikono miwili. Hakuwa amefikiri jambo hata moja. Mkono ulikwenda wenyewe. Alijua chupa ni ya mwisho, alijua kilichomo, tangu jana hakulala kwa ajili yake, na mkono bado ulikwenda wenyewe. Na mzee wa watu, ambaye hakujua lolote, aliyekuta bilauri imesuuzwa na chupa imewekwa, Burgl alikuwa amemwambia nini?

"Baba," akasema. Akaanza tena, "Baba, nisamehe." Halafu akashindwa, akaweka paji la uso kwenye bega lake, koti lenye harufu ya uvumba na tumbaku.

"Nimekusamehe, nimekusamehe. Sasa yatie kwenye chupa yako kabla hatujayanywa tena."

Aliyatia. Wingu jeupe liliingia katika togwa, likazama, likapotea. Kilichobaki kwenye bilauri walikigawana. Kilikuwa chembamba, kitamu kidogo, bila ule uzito. Mzee alisema bia bila mashapo ni ya wagonjwa, lakini alimaliza sehemu yake.

Jumatatu hakukuwa na kitu. Togwa ilikaa kimya katika chupa ya kioo karibu na dirisha, imefunikwa kwa karatasi ya alumini, na mashapo yamekaa chini kama unga. Mzee alikuja asubuhi, akaja mchana, akaja jioni. Miezi kumi na sita chini ya kitanda ni mingi, hilo walilijua wote wawili, na hakuna aliyelisema. Burgl aliitikisa kidogo kila alipopita. Alipika viazi vikaungua.

Jumanne alirudi kutoka shuleni saa nane, akakuta mlango wa jikoni uko wazi. Mzee Ignaz alikuwa amesimama mbele ya dirisha, ameishika kofia kifuani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, vile wanaume wa huku wanavyosimama makaburini.

"Imekufa," akasema. "Sema tu, Baba. Imekufa."

Mzee hakugeuka. Alimwita kwa kidole. Burgl alivuka jikoni, na ilikuwa safari ndefu. Karatasi ya alumini ilikuwa imeinuka, imebenuka upande mmoja, na chini yake povu zito, la rangi ya krimu, lilikuwa limepanda mpaka shingoni mwa chupa na kuteremka nje, likatengeneza kidimbwi juu ya mbao za dirisha. Ndani ya togwa vipovu vilikuwa vinapanda bila kukoma, elfu kwa elfu, vinakimbilia juu.

Aliinama akanusa. Akabaki ameinama hivyo hivyo, mkono mdomoni, machozi yanadondokea kwenye lile dimbwi.

"Mpigie Afra," akasema mzee. "Mwambie baba yake anakuja harusini."